Tangi la Maji Tuliweke Wapi?

Maji ya mfereji ya Mombasa husafiri kilomita nyingi kutoka Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Kisha hapa Kiembeni mwendo wa mwisho hufanywa kwa mkokoteni au kichwani. Kwa hivyo majirani wanapochanga kununua tangi la pamoja, mimi huomba nipige hesabu kwanza: likae wapi ili jumla ya mwendo wa kuteka iwe ndogo kabisa?

Wengi husema katikati, yaani kwenye wastani. Lakini wastani huvutwa mno na ploti moja iliyo mbali. Ploti zikiwa nyingi, jibu halina njia ya mkato: unakisia, unapima, unasogeza, unarudia. Njia ninayoitumia ilichapishwa mwaka 1937 na Mhungaria Endre Weiszfeld, na jedwali la kwenye simu linaitosha.

Chukua alama ya kila ploti kwenye ramani ya simu. Kiembeni iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo digrii 0.001 ni kama mita 111, iwe unaenda mashariki au kaskazini. Geuza kila alama iwe mita, kisha anza na ule wastani. Pima umbali kutoka hapo hadi kila ploti. Gawanya mitungi ambayo ploti huteka kwa siku kwa umbali wake. Huo ndio uzito wake. Zidisha mita za kila ploti kwa uzito wake, jumlisha, gawanya kwa jumla ya uzito wote. Fanya hivyo kwa mashariki, kisha kwa kaskazini. Umepata mahali papya. Anza tena kutoka hapo.

Jaribu na ploti nne zinazoteka mitungi sawa, kila moja ikiandikwa kwa mita za mashariki, kisha za kaskazini: (0, 0), (100, 0), (0, 100) na (600, 600). Wastani ni (175, 175). Ukirudia, namba zote mbili hushuka pamoja: 94, 63, 54, 51, hadi 50. Kila mara pengo lililobaki hupungua hadi karibu theluthi. Mwendo wa ploti zote kwa pamoja umetoka mita 1,229 hadi 990! Hatua ikiwa chini ya mita moja, acha. Fundi hajengi msingi wa tangi kwa sentimita.

Angalia jambo moja: ukiangukia juu ya ploti yenyewe, umbali ni sifuri na hesabu inakwama. Harold Kuhn alilieleza tatizo hilo mwaka 1973. Mimi husogea mita chache kando nikaendelea.

Lililo zito zaidi ni hili. Ile ploti ya mbali ilikuwa mita 601 kutoka kwenye wastani. Sasa ni 778. Ikiwa huko anaishi bibi anayejitekea mwenyewe, jumla ndogo si haki kwake. Ukiuliza swali jingine, yaani anayetembea zaidi apunguziwe, tangi linahamia (300, 300): hakuna anayezidi mita 424, ila jumla inapanda hadi 1,570.

Hesabu haichagui kati ya maswali hayo. Kwa hivyo napeleka kikaoni sehemu zote mbili na namba zake, baada ya kuzitembelea kwa miguu, kwani simu hupima mstari ulionyooka na watu hulazimika kuzunguka kuta.