SOMO LA WIKI: KLABU YA CHAPECOENSE, TIMU ILIYOKATAA KUFA

Wengi wetu tunapenda mpira. Asiyecheza huenda kutazama, na asiyekwenda kutazama husikiliza redioni. Lakini klabu ya mpira ni nini hasa? Je, ni wale wachezaji 11 tu walio uwanjani? Na wachezaji wakiondoka wote kwa siku moja, klabu inabaki au inakufa?

Swali hili si la mchezo. Liliwapata watu wa mji mmoja wa Brazili mwaka 2016. Leo tutasoma habari zao. Someni polepole, kisha mjadiliane kikundini.

1. Mji wa wafuga nguruwe na kuku

Brazili ni nchi kubwa kuliko zote za Amerika ya Kusini. Imegawanyika katika majimbo 26, pamoja na wilaya ya mji mkuu. Jimbo moja la kusini linaitwa Santa Catarina. Upande wa magharibi wa jimbo hilo, mbali na bahari, uko mji wa Chapecó. Tunausoma hivi: Shapeko.

Chapecó si mji mkubwa kama São Paulo au Rio de Janeiro. Watu wake wengi huishi kwa kazi ya mifugo. Wakulima wa pale hufuga nguruwe na kuku, na viwanda vya mjini huchinja, hufungasha nyama na kuiuza hata nchi za nje. Mwaka 1969 vyama 8 vya ushirika vya wakulima viliungana vikaanzisha chama kikuu kiitwacho Aurora. Chama hicho kikakua sana, na baadaye jina lake likaandikwa kwenye jezi za timu ya mji. Ndiyo kusema, fedha ya nguruwe na kuku ilisaidia kulisha mpira.

2. Klabu inazaliwa

Tarehe 10 Mei 1973, watu wa klabu mbili ndogo za mji huo, Atlético Chapecó na Independente, waliungana. Waliona kwamba nguvu zikigawanyika hakuna atakayefika mbali. Klabu mpya ikaitwa Chapecoense, yaani timu ya watu wa Chapecó. Rangi zake ni kijani na nyeupe. Wapenzi wake huiita kwa kifupi Chape.

Mwaka 1976 uwanja wao ulifunguliwa. Siku hizi unaitwa Arena Condá. Condá alikuwa chifu wa Wakaingang, wenyeji wa asili wa nchi ile tangu kabla ya wageni kufika.

Mwaka 1977, miaka 4 tu baada ya kuzaliwa, Chape ilitwaa ubingwa wa jimbo la Santa Catarina. Mji mzima ulifurahi. Lakini ubingwa wa pili haukuja mpaka mwaka 1996. Hiyo ni miaka 19 ya kungoja! Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madeni yakaielemea klabu, karibu kuiua. Viongozi, wafanyabiashara na wapenzi wa timu wakashikana mikono kuiokoa. Mwaka 2007 ikawa bingwa wa jimbo tena.

3. Ngazi nne

Ili tuelewe sehemu inayofuata, tujue kwanza ligi ya Brazili ilivyo. Ina madaraja manne: A, B, C na D. Daraja A ndilo la juu, lina timu 20. Kila mwaka timu 4 za mwisho hushuka, na timu 4 za daraja B hupanda. Ni kama ngazi ya kupandia dari: huwezi kuruka vipago.

Sasa tazama Chape ilivyopanda:

Mwaka 2009 ilikuwa daraja D, ikapanda kwenda C.
Mwaka 2012 ilipanda kutoka C kwenda B.
Mwaka 2013 ilishika nafasi ya pili katika B, ikapanda kwenda A.
Mwaka 2014 ilianza kucheza daraja A na timu kubwa za nchi.

Hesabu mwenyewe: kutoka D mpaka A ilichukua miaka mingapi?

4. Mwaka 2016

Mwaka 2016 Chape iliingia katika Kombe la Amerika ya Kusini liitwalo Sudamericana. Watu hawakuitazamia kufika mbali. Lakini ilipambana na Independiente ya Ajentina mpaka mikwaju ya penalti, na mlinda mlango wao, Danilo, akaokoa mikwaju minne. Halafu ikaitoa Junior ya Kolombia. Katika nusu fainali ikakutana na San Lorenzo, nayo ya Ajentina. Ugenini walitoka sare, bao 1 kwa 1. Nyumbani ilikuwa 0 kwa 0 mpaka dakika za mwisho. Mara mpinzani akapiga shuti la karibu kabisa. Danilo akauzuia mpira kwa mguu. Lile bao la ugenini likaipeleka Chape fainali.

Fainali ilikuwa na Atlético Nacional ya mji wa Medellín, huko Kolombia. Mchezo wa kwanza ulipangwa tarehe 30 Novemba 2016.

5. Hesabu ya mafuta

Tarehe 28 Novemba timu ilipanda ndege ya kukodi ya kampuni ya LaMia huko Santa Cruz, Bolivia, kwenda Medellín. Ndani walikuwa watu 77: wachezaji, mwalimu wao Caio Júnior, viongozi, waandishi wa habari na wahudumu wa ndege.

Ndugu wasomaji, hapa tusome kwa makini, maana hapa ndipo penye somo. Sheria za usafiri wa anga zinataka ndege ya namna hii ibebe mafuta ya kufika inakokwenda, na ya kwenda kiwanja kingine kama cha kwanza kina shida, na juu ya hayo akiba ya dakika 30. Karatasi ya safari ile iliandikwa hivi:

Muda wa safari: saa 4 na dakika 22.
Muda ambao mafuta yatatosha: saa 4 na dakika 22.

Toa ya kwanza katika ya pili. Jibu ni sifuri. Akiba haikuwepo! Njiani rubani angeweza kutua na kuongeza mafuta, lakini hakutua. Karibu na Medellín ndege ikaambiwa ingoje kidogo, kwa sababu ndege nyingine ilikuwa na shida. Mafuta yakaisha, injini zikazimika, ndege ikaanguka mlimani usiku.

Watu 71 walikufa. Wachezaji 19 walikuwa miongoni mwao, na Danilo mmojawapo. Mwalimu alikufa. Waandishi wa habari 20 walikufa. Waliopona ni watu 6: wachezaji Alan Ruschel, Neto na Jakson Follmann, mtangazaji mmoja wa redio, na wahudumu wawili wa ndege. Follmann alikatwa mguu mmoja.

Uchunguzi wa serikali ya Kolombia, uliotolewa mwaka 2018, ulithibitisha kwamba ndege iliishiwa mafuta kwa sababu safari haikupangwa vizuri. Mtu anayejua kusoma na kutoa hesabu ndogo angeweza kuuona upungufu ule katika karatasi moja. Familia za marehemu zilihangaika miaka mingi kudai fidia.

6. Msiba una jirani

Jioni ya tarehe 30 Novemba, saa ile ile ambayo mchezo ungeanza, watu wa Medellín waliujaza uwanja wao. Walivaa nguo nyeupe, wakawasha mishumaa, wakawalilia wapinzani wao. Klabu ya Atlético Nacional ikaomba kombe wapewe Chape. Tarehe 5 Desemba ombi likakubaliwa. Chape ikawa bingwa.

Tarehe 3 Desemba majeneza yalifika Arena Condá. Mvua ilinyesha sana, na askari waliyabeba katika mvua hiyo. Watu hawakuondoka.

7. Kuanza upya

Mji uliobaki na kombe haukuwa na timu. Wengine wangefunga mlango. Watu wa Chapecó hawakufunga. Wakatafuta mwalimu mpya, Vagner Mancini, na wachezaji zaidi ya 20. Klabu nyingine ziliazima wachezaji, na vijana wa klabu wakapandishwa.

Tarehe 21 Januari 2017 timu mpya ilicheza mchezo wa kirafiki na Palmeiras, wakatoka sare 2 kwa 2. Ilipofika dakika ya 71, mchezo ulisimama ili kuwakumbuka wale 71. Mwezi Mei mwaka huo Chape ikawa bingwa wa jimbo. Mwezi Agosti Alan Ruschel, aliyetolewa katika mabaki ya ndege, alirudi uwanjani kucheza na Barcelona huko Hispania.

Tusidanganyane, mambo hayakuwa mazuri tu. Mwaka 2019 timu ilishuka daraja. Katika msimu wa 2020 ilikuwa bingwa wa daraja B ikapanda. Mwaka 2021 ilicheza michezo 38 ikashinda 1 tu, ikashuka tena. Ilibaki daraja B miaka 4. Mwisho wa mwaka 2025 ikapanda tena kwenda daraja A. Kupanda na kushuka ndiyo maisha ya klabu ndogo. Lakini jina, uwanja, rangi na watu wake vipo.

Basi tumepata jibu la swali letu. Wachezaji ni sehemu ya klabu, tena sehemu inayopendwa. Lakini klabu ni watu waliokubaliana kushika jambo moja, na anapoanguka aliyelishika, mwingine analiokota.

MANENO YA KUJIFUNZA

Daraja: ngazi ya timu katika ligi.
Sare: mchezo usio na mshindi.
Akiba: kitu kinachowekwa kwa ajili ya shida ya baadaye.
Fidia: malipo kwa aliyepata hasara au msiba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini klabu mbili za Chapecó ziliungana mwaka 1973?
2. Ushindi hupata pointi 3, na sare pointi 1. Mwaka 2021 Chape ilishinda 1 na kutoka sare 12. Ilipata pointi ngapi?
3. Ndege ile ilihitaji mafuta ya akiba ya dakika 30 na ya kufika kiwanja kingine. Ni kazi gani zenu zinazohitaji akiba kabla ya kuanza?
4. Watu wa Medellín walifanya nini kwa wapinzani wao? Mnaonaje tendo hilo?
5. Kama kikundi chenu kingepoteza viongozi wake wote leo, nani angejua mahali pa kuanzia kesho?