Somo la Majilio: Mapambo ya Krismasi Yenye Harufu Nzuri na Jiko la Kuyatundika



Krismasi inapokaribia, wengi wetu huwaza kupamba kanisa na sebule. Jiko husahaulika, ingawa ndiko mama na binti zake wanakoshinda siku nzima ya sikukuu. Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya Zagayu, mkoani Simiyu, lakini linaweza kufundishwa popote. Mambo mawili ya kukumbuka ni haya: tusipambe kwa chakula, na tuondoe moshi kabla ya kupamba.

Kwa nini tusitumie unga?

Maelekezo mengi ya Ulaya na Marekani hufundisha kukanda vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na kikombe 1 cha maji. Zagayu mwezi wa Desemba ni mwezi wa jembe. Mahindi na pamba ndiyo kwanza viko shambani, mavuno mapya yako mbali, na ghala la kaya nyingi linapungua. Ni vigumu kumweleza mtoto mwenye njaa kwa nini unga umetundikwa ukutani. Tena unga huvuta panya na sisimizi. Sisi tutatumia udongo na maganda ya machungwa.

Sehemu ya kwanza: Kuandaa jiko

Harufu ya karafuu haisikiki penye moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nyumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wakati tukisubiri, tufanye yaliyo ndani ya uwezo wetu:

1. Toeni vyombo vyote nje. Fungeni kitambaa puani, kisha fagieni masizi darini na kutani.
2. Hakikisheni kuna dirisha, na tundu la moshi karibu na mafiga. Tumieni kuni zilizokauka vizuri.
3. Zibeni nyufa na kusiriba kuta. Udongo mweusi wa mbugani haufai peke yake, kwa kuwa huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Changanyeni udongo wa kichuguu na mchanga.
4. Ukuta ukikauka, choreni nyota na mistari kwa majivu au udongo mweupe uliokorogwa kwa maji.

Sehemu ya pili: Nyota za udongo

Mahitaji: vikombe 2 vya udongo wa kichuguu uliochekechwa, vijiko 2 vya mdalasini uliosagwa, kijiko 1 cha karafuu zilizotwangwa, maji, kijiti na uzi wa katani.

1. Changanya vitu vikavu, kisha ongeza maji kidogo kidogo. Kanda hadi udongo usishike mikononi.
2. Sukuma kwa chupa hadi upate unene wa penseli. Kata nyota, kengele au njiwa kwa kisu.
3. Toboa tundu la uzi kwa kijiti.
4. Anika kivulini siku 3 hadi 4, ukigeuza kila siku. Jua kali hupasua udongo na kupoteza harufu.
5. Harufu ikipungua, paka maji yaliyolowekwa karafuu, kisha anika tena.

Maganda ya machungwa: Kuleni machungwa kwanza. Kateni maganda mabichi kwa umbo la nyota, chomekeni karafuu 4 au 5, kisha anikeni. Karafuu zina mafuta mengi, ndiyo sababu harufu yake hudumu. Nyingi ya karafuu zetu hutoka Pemba na Unguja, na punje chache tu zatosha.

Tahadhari: Tundikeni mapambo mbali na mafiga. Pamba isipambwe jikoni, kwa maana hushika moto upesi. Msihifadhi miti ya pamba kwa mapambo, kwani masalia yake hung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili kuua wadudu. Watoto wadogo wasiachiwe mapambo haya, wasije wakayatia mdomoni.

Maswali ya majadiliano

1. Ni jiko la nani katika jumuiya yetu lisilo na tundu la moshi? Nani atamsaidia kabla ya Krismasi?
2. Akina baba na vijana watashika kazi ipi katika kusiriba na kufagia masizi?
3. Tunatumia fedha gani kununua mapambo ya plastiki, na zingefanya nini jikoni?

Kwa wafadhili wetu: viungo vya somo hili havigharimu kiasi kikubwa. Kinachohitaji mkono wenu ni majiko sanifu, mabomba ya moshi na madirisha kwa wajane na wazee wasioweza kujijengea.