Kompyuta Inayozima Katikati ya Gemu: Tafuta Sababu Kabla ya Kumlaumu Mtu



Muhula uliopita nilimtuhumu ndugu yetu mmoja wa mwaka wa tatu kwamba ameniuzia kadi mbovu. Nilisema hivyo chumbani kwake baada ya swala ya isha, mbele ya watu. Nilikuwa nimekosea. Makala hii ni somo la kutafuta hitilafu katika kompyuta iliyobadilishwa vifaa, lakini nimeiandika pia kwa sababu waliosikia tuhuma yangu walikuwa wengi kuliko waliosikia nilipoomba radhi.

Hali ilivyokuwa

Kompyuta yangu ni ya mezani, niliinunua ikiwa imetumika hapa Kampala. Ilikuwa na prosesa ya Ryzen 5 2600, RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya GT 1030. Kwa kazi za darasani ilitosha. Kwa gemu na kwa kuhariri video za mihadhara ya jumuiya ilikuwa inajikokota. Nikanunua kadi ya GTX 1660 Super kwa ndugu huyo, na mjini nikanunua kipande kingine cha RAM cha GB 8.

Jumamosi moja nikafunga vyote viwili kwa mpigo. Kisha nikaingia kwenye BIOS nikawasha XMP, yaani mpangilio unaoifanya RAM ikimbie kwa kasi iliyoandikwa juu yake, 3200, badala ya kasi yake ya kawaida ya chini.

Usiku huohuo taabu ikaanza. Mara skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT. Mara nyingine, dakika kumi ndani ya gemu, kompyuta inazima kama umeme umekatika, kisha inajiwasha yenyewe. Kwa kuwa kadi ndiyo niliyoilipia pesa nyingi, nikaamua kosa ni la kadi. Nikaenda kugonga mlango.

Mwenyewe hakubishana. Aliifunga kadi kwenye kompyuta ya mwenzake wa chumbani, tukacheza gemu ileile kwa saa mbili. Haikuzima hata mara moja. Akanirudishia, akasema, "Ndugu yangu, nyinyi mnaosoma usul ndio mngetufundisha namna ya kutafuta sababu."

Sabr na taqsim

Neno lile liliniingia. Katika usul al-fiqh tunasoma njia ya kutafuta illa ya hukumu iitwayo sabr na taqsim: unaorodhesha sifa zote zinazoweza kuwa sababu, unazipima moja moja, unaondoa isiyofaa mpaka ibaki inayofaa. Mfano wa darasani ni mvinyo. Je, umekatazwa kwa kuwa ni kimiminika, kwa rangi yake, kwa kuwa umetokana na zabibu, au kwa kuwa unalevya? Maji ni kimiminika na ni halali. Juisi ya zabibu ina rangi hiyo na asili hiyo, nayo ni halali. Kinachobaki ni kulevya.

Mtihani wa somo hilo nilifaulu vizuri. Chumbani kwangu sikulitumia hata dakika moja.

Nikachukua karatasi nikaandika: kadi, draiva, joto, RAM, umeme. Kadi nikaikata papo hapo, kwa kuwa ilishapimwa kwenye mashine nyingine. Halafu nikajiwekea sharti: nabadilisha kitu kimoja tu kila mara, kisha napima. Ukibadilisha viwili pamoja na tatizo likaondoka, hujui kipi kilichoponya. Na kila unapofungua kasha, zima kompyuta, chomoa waya ukutani na gusa chuma cha kasha kwanza, ili umeme ulio mwilini mwako usiunguze vifaa.

Draiva. Niliwasha Windows katika hali salama, nikafuta draiva za zamani zote kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kisha nikaweka mpya kutoka kwa NVIDIA. Hakuna kilichobadilika. Nikakata.

Joto. Programu ya HWiNFO huandika joto la kila kifaa muda wote wa gemu. Kadi na prosesa zote zilikuwa chini ya nyuzi 75 hadi sekunde ya mwisho. Nikakata.

RAM. MemTest86 huwekwa kwenye flashi, nayo hufanya kazi kabla Windows haijawaka. Vipande vyote viwili vikiwa na XMP, makosa yalijaa kwenye skrini katika mzunguko wa kwanza. Kila kipande peke yake na XMP: hakuna kosa. Viwili pamoja bila XMP, mizunguko 4 usiku kucha: hakuna kosa. Kwa hiyo hakuna kipande kibovu. Ni vipande vya aina mbili tofauti visivyopatana kwa kasi ya 3200, kwenye prosesa ambayo rasmi mwisho wake ni 2933. Nikaviacha kwenye 2666, na skrini ya bluu haijarudi tena.

Nikadhani nimemaliza. Kesho yake kompyuta ikazima katikati ya gemu.

Wanazuoni wa usul wamejadiliana kama hukumu moja yaweza kuwa na illa mbili. Kwenye kompyuta hakuna mjadala, yaweza. Mimi nilikuwa na dalili mbili tofauti nikazihesabu kuwa ugonjwa mmoja.

Umeme. Windows hutunza kumbukumbu ya matukio, na yangu ilijaa Kernel-Power 41. Wengi wakiiona hudhani ni hukumu kwamba pawa saplai imekufa. Maana yake ni kwamba kompyuta imewaka upya bila kuzimwa vizuri, basi. Ni shahidi aliyemkuta mtu ameanguka, hakumwona aliyemsukuma.

Nikafungua kasha nikasoma kibandiko cha pawa saplai. Kwa herufi kubwa: wati 350. Kwa herufi ndogo, kwenye mstari wa volti 12, ampea 16. Zidisha: 12 mara 16 ni wati 192, na prosesa na kadi hutegemea mstari huo. GT 1030 ilikuwa inakula wati 30 tu. GTX 1660 Super inakula 125. Ryzen 5 2600 huandikwa wati 65, lakini ikibanwa na kazi inaweza kufika 88. 125 na 88 ni 213, na bado sijahesabu feni na diski.

Hesabu ni dhana yenye nguvu, lakini bado ni dhana. Nikaipima. Kwa programu ya MSI Afterburner nikaishusha kadi hadi asilimia 70 ya nguvu yake, nikacheza saa mbili: haikuzima. Nikairudisha 100: ikazima. Nikaazima pawa saplai ya wati 500, kadi ikiwa kwenye 100: haikuzima. Hapo ndipo nilipokuwa na yakini. NVIDIA wenyewe hupendekeza wati 450 kwa kadi hii. Ningeusoma mstari huo kabla ya kununua, nisingemkosea mtu.

Nilitupa pia waya wa kuunganisha niliokuwa nimeutumia kupata plagi ya pini 8. Ulikuwa unapata moto, na waya wa namna hiyo unaweza kuunguza kompyuta.

Deni lililobaki

Katika fiqhi ya biashara, mnunuzi ana khiyar ya aibu: akikuta kasoro anaweza kurudisha bidhaa. Lakini kasoro iwe ilikuwepo kwa muuzaji kabla ya kuuza, na anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Mimi nilidai kwanza, ushahidi nikautafuta baadaye, nao ukasimama upande wake.

Nilimwomba radhi chumbani kwake, siku nyingine, baada ya isha. Akacheka, akaniuliza kama RAM yangu sasa inapatana. Wawili watatu waliokuwepo usiku ule wa kwanza hawakuwepo siku hiyo. Kama unasoma hapa na ulikuwepo: kadi ilikuwa nzima.