Motokaa Kuukuu Isiyotaka Kuwaka Asubuhi

Katika nchi za juu za Kenya, kama Limuru, Kinangop na Molo, baridi ya alfajiri ya mwezi wa Julai huwasumbua sana wenye motokaa za zamani zitumiazo kabureta. Mchana motokaa huwaka mara moja. Asubuhi hukataa, na huku maziwa yangoja kupelekwa, au mgonjwa angoja kufikishwa hospitali. Wengi hukimbilia kununua betri mpya, kumbe ubaya uko mahali pengine, na fedha zimepotea bure. Yafaa ubaya utafutwe kwa utaratibu.

Injini ya petroli haiwaki ila ipate vitu vitatu: kuzungushwa upesi, cheche yenye nguvu, na mchanganyiko ufaao wa petroli na hewa. Baridi hudhoofisha vyote. Oili huwa nzito, betri hupungukiwa nguvu, na petroli haigeuki mvuke kwa urahisi.

Kwanza, isikilizwe stata. Ikizunguka kwa uvivu, betri ipimwe. Betri ya volti 12 iliyojaa, baada ya kupumzika usiku kucha, huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.0 imekwisha nguvu. Lakini kabla ya kutoa fedha, vichwa vya nyaya vifunguliwe, visuguliwe mpaka ving'ae, kisha vikazwe. Waya mnene utokao betri kwenda kwenye chuma cha gari nao usisahauliwe. Unga mweupe ulioganda hapo huzuia umeme, hata betri njema ikaonekana mbovu.

Pili, ikiwa stata yazunguka upesi wala injini haiwaki, plagi moja ifunguliwe na kutazamwa. Plagi kavu yaonyesha kwamba petroli haifiki. Huenda pampu imechakaa, na petroli hurudi katika tangi usiku. Pampu nyingine zina mkono mdogo wa kusukumia. Ikiwa injini yawaka baada ya kuusukuma mara kadhaa, ubaya umejulikana. Choki pia itazamwe: chujio la hewa likiondolewa na choki ikivutwa, kibao kilicho mdomoni mwa kabureta yapasa kifunge. Mara nyingi waya wake umelegea tu.

Plagi iliyolowa yaonyesha kwamba petroli yafika, lakini ni nyingi mno au cheche ni dhaifu. Nchi za juu zina hewa nyepesi, kwa hiyo petroli huzidi upesi. Choki irudishwe, akselereta ikanyagwe mpaka chini bila kuipigapiga, na stata izungushwe kwa sekunde 10, kisha ipumzishwe. Isipowaka, kifuniko cha distribuita kipanguswe kwa kitambaa kikavu, maana umande hupoteza cheche. Kikiwa na ufa, kibadilishwe. Nafasi ya kontakti katika injini nyingi za zamani ni karibu milimita 0.4, na ya plagi karibu 0.6, lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho cha kufuatwa.

Hayo yote yakiwa sawa, huenda valvu hazifungi vizuri au pistoni zimelika. Hiyo ni kazi ya fundi.

Yako mambo ya hatari. Petroli isimiminwe kabisa katika kabureta wakati wa kuwasha, kwani moto ukirudi humchoma mtu uso. Sigara isivutwe karibu na betri. Injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Mwisho, kitengenezwe kitu kimoja tu, kisha injini ijaribiwe asubuhi ifuatayo ingali baridi. Abadilishaye vitu vitano kwa siku moja hatajua ni kipi kilichoponya, na baridi ikirudi ataanza upya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini kwanza ujue ufa uko wapi.