Somo la Kikundi: Tumsaidie Mtoto Anayengojea Mtihani



KCSE ikikaribia, mwezi wa Oktoba na Novemba, nyumba huwa na wasiwasi. Mtoto hali vizuri, halali, anakasirika ovyo. Nasi wazazi twasema, "Tumeuza ng'ombe kwa ajili yako!" Twadhani tunamtia bidii, kumbe tunamtwika mzigo. Mwenye hofu husoma ukurasa mmoja mara tano na hakumbuki kitu.

Tufanye nini?

1. Tumpunguzie kazi. Maji na kuni tugawane sote. Msichana akimaliza kuosha vyombo saa tatu usiku, atasoma saa ngapi?

2. Asome kidogo kidogo. Dakika 40, kisha apumzike 10. Halafu afunge kitabu, atueleze alichosoma. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kusikiliza. Kukumbuka bila kitabu kunasaidia kuliko kurudia kusoma tu.

3. Alale. Akikesha, yale ya mchana hayakai kichwani.

4. Tumsifu kwa bidii yake. Tusimlinganishe na mtoto wa jirani. Tumwambie wazi: "Mtihani hata ukienda vibaya, wewe ni mtoto wetu."

Akisema amechoka na maisha, tusimkemee wala kumwacha peke yake. Tumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana

- Wiki hii tumemwambia mtoto maneno gani?
- Je, kikundi chetu chaweza kuchanga pesa za taa ya sola, na nyumba ya nani itumike kusomea jioni?