Imamu na Maamuma: Je, Wewe Huongoza au Hufuata?

Ndugu msomaji, baadhi ya watu wanaotafuta ukweli wa dini, na hata baadhi ya wale walioingia juzi tu, wana swali moja ambalo huona haya kulitamka. Husema moyoni: "Mimi nimezoea kujiamulia mambo yangu. Nikijiunga na watu wenye imamu, je, sitakuwa nimeikabidhi akili yangu kwa mtu mwingine?" Mwingine naye husema kinyume chake: "Mimi si mtu wa kuongoza. Nipeni wa kumfuata, nami nitafuata, na likitokea kosa litakuwa juu yake." Maneno haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali, lakini yamezaliwa na dhana moja, nayo ni kwamba wanadamu wameumbwa makundi mawili, viongozi upande huu na wafuasi upande ule, na kwamba kila mtu hana budi kujua yumo kundi gani.

Itazame siku moja ya mtu wa kawaida katika ufuko wa Ziwa Viktoria. Mvuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi huharibu kazi ya taa. Ndani ya mtumbwi humtii nahodha. Akiambiwa vuta, huvuta. Alfajiri arudipo nyumbani yeye ndiye baba, na watoto hulingoja neno lake. Adhuhuri akiingia msikitini husimama safuni nyuma ya imamu, na pengine imamu huyo ni kijana ambaye kule ziwani yu chini yake. Mkewe naye, aliyemsikiliza asubuhi, mchana yuko katika soko la Mwaloni, Kirumba, akiwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wenzake, na hakuna fedha itokayo bila idhini yake. Basi niambie, watu hawa wawili ni viongozi au ni wafuasi? Kabla jua halijatua kila mmoja wao amekuwa yote mawili mara nyingi, wala hakuona ajabu yoyote.

Wazee wa Kisukuma walilijua jambo hili zamani. Kila mtu amesikia habari za mtemi, mwenye ngoma na kiti cha enzi. Lakini katika kijiji palikuwapo pia mtu aliyeitwa nsumba ntale, mkuu wa vijana, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaita watu na kuipanga kazi ya shirika: kulima, kupalilia, kupura nafaka. Huyu hakurithi kiti. Alikubaliwa na wale aliofanya nao kazi. Na mwenye kuita watu kwa jembe hana budi kushika jembe yeye mwenyewe. Mtume Mtukufu s.a.w. naye alifundisha ya kuwa watu watatu wakitoka safarini, wamteue mmoja wao kuwa mkuu wao. Zingatia ya kuwa ni watatu tu, tena kwa safari tu. Wakifika, mkuu huyo hurudi kuwa mtu kama wenzake, na kesho katika safari nyingine huenda akamfuata yule aliyemwongoza leo. Katika Uislamu uongozi ni amana inayoshikwa kwa muda, nayo itaulizwa.

Kama ni hivyo, swali la kweli si kama wewe huongoza au hufuata. Swali ni hili: ufuatapo, wafuata namna gani?

Historia ya Mwanza inayo somo juu ya jambo hili, na ingefaa lisomeshwe kwa vijana kuliko linavyosomeshwa. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa alichukua mzigo wake mpaka kwa mnunuzi. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, na aliyeisoma alikuwa mtu wa mnunuzi. Mkulima, ambaye mara nyingi hakujua kusoma namba, alipokea alichopewa akaenda zake huku akinung'unika. Manung'uniko yalikuwa mengi, lakini manung'uniko hayajapata kuongeza ratili moja juu ya mizani. Yaliyoleta mabadiliko ni kwamba wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe. Mtu wao alisimama kando ya mizani, akatazama namba, akaiandika. Mtu huyo hakuwa mtemi wala bwana shauri, wala hakuwa na amri juu ya yeyote. Kazi yake ilikuwa kutazama vizuri na kusema alichokiona. (Kurani Tukufu inayo sura nzima yenye jina la wapunjao vipimo, nayo ni sura ya 83, mwenye kudhani kwamba dini haina habari na mizani ya pamba na aisome.)

Kutokana na mwanzo huo mdogo viliota vyama vya msingi vya wakulima, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika chama kikuu kilichojulikana kwa herufi zake, VFCU, chenye makao yake Mwanza. Kabla ya uhuru wa mwaka 1961 pamba karibu yote ya upande ule ilikuwa ikipitia mikononi mwa vyama hivyo, na chama kikuu kilikuwa na vinu vyake vya kuchambulia. Kilihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika. Aliyekuwa mbele katika kazi hiyo ni Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 na kufariki mwaka 2005. Alianza mwaka 1947 akiwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanya biashara Waafrika wa Mwanza, na baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha. Lakini mimi nalipenda zaidi jambo jingine katika maisha yake, ambalo halitajwi sana. Mwaka 1953, wakati wakulima walikuwa wamekwisha mtambua kuwa kiongozi wao, aliondoka akaenda Loughborough, Uingereza, akaketi katika benchi la mwanafunzi ili asomeshwe ushirika. Aliyefuatwa na maelfu alikubali kuwa mfuasi wa mwalimu.

Yaliyofuata hayapendezi kuyasimulia, lakini hayafai kufichwa. Chama kilipokuwa kikubwa, malalamiko ya udanganyifu na ubadhirifu yalisikika tena, safari hii dhidi ya watumishi wa vyama vyenyewe. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuyachunguza mambo ya ushirika nchini kote. Mwaka 1968 VFCU ikavunjwa, na mahali pake pakawekwa chama kikuu kipya cha Nyanza. Kisha mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikafutwa, mpaka sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine zilitoka mbali na Mwanza. Hata hivyo iko moja ambayo mkulima anaweza kujiuliza mwenyewe: ni lini aliacha kwenda kusimama kando ya mizani? Mizani ilipokuwa ya mgeni aliitazama kwa macho mawili. Ilipokuwa ya chama chake alisema, "Sasa ni yetu," akafumba macho. Alidhani kuwaamini viongozi maana yake ni kutowatazama.

Twende sasa msikitini, maana pale ndipo Mwislamu hufundishwa kufuata mara tano kila siku. Maamuma hamtangulii imamu. Imamu akirukuu, naye hurukuu. Akisujudu, naye husujudu, awe maamuma huyo tajiri, mwanachuoni au waziri. Mtu akitazama kutoka nje huenda akasema kwamba huu ni utii wa kimyakimya. Lakini mwenye kusema hivyo hajaijua sala. Imamu akisahau, maamuma anao wajibu. Mwanamume husema "Subhanallah", na mwanamke hupiga kofi kwa mkono, na imamu hana budi kuzingatia. Katika ibada kubwa kuliko zote, ambamo mazungumzo ya kawaida yamekatazwa, imeachwa nafasi moja ya sauti ya mfuasi, nayo imeachwa kwa ajili ya kumsahihisha aliye mbele.

Tena jambo hili lilitokea kwa Mtume mwenyewe s.a.w. Siku moja aliwasalisha watu mojawapo ya sala za mchana zenye rakaa nne, akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Katika safu walikuwamo Seyidna Abu Bakari na Seyidna Umar r.a., lakini waliona haiba wakanyamaza. Wengine walitoka upesi wakisema kwamba bila shaka sala imepunguzwa. Ndipo akasimama mtu mmoja ambaye kwa urefu wa mikono yake aliitwa Dhul-Yadain, akamwuliza Mtume kama sala imepunguzwa au yeye amesahau. Mtume s.a.w. hakukasirika. Aliwageukia watu akawauliza kama asemayo Dhul-Yadain ni kweli, nao wakakiri. Basi akaikamilisha sala, akasujudu sijda mbili za kusahau. Hadithi hii ni sahihi na mashuhuri.

Ndugu msomaji, usiipite upesi. Wale waliotoka wakisema sala imepunguzwa walikuwa wafuasi pia, tena wenye mapenzi. Lakini mapenzi yao yaliwafanya wabadilishe idadi ya rakaa mioyoni mwao kuliko kuuliza. Dhul-Yadain hakuwa mkubwa kuliko masahaba wengine. Alikuwa amehesabu tu. Tena tazama adabu yake: hakusema "Umekosea", wala hakutoka safuni akaanzisha jamaa yake pembeni. Aliuliza, akaacha mlango wazi kwamba huenda amri mpya imeshuka nayo haijui. Na alipokwisha jibiwa alirudi safuni, akafuata zile rakaa mbili zilizobaki nyuma ya imamu yule yule.

Kutohesabu kuna gharama, na watu wa ziwa wanaijua kuliko watu wengine. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba ilizama ilipokuwa ikikaribia Mwanza. Meli hiyo ilikusudiwa kubeba abiria 430 hivi. Waliokufa peke yao walizidi 800, na wengi wamezikwa Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua watu 101, nacho kiliua zaidi ya 220. Mwenyezi Mungu awarehemu wote. Hatuandiki haya kuwalaumu marehemu. Mama mwenye mtoto mgongoni na furushi la mahindi kichwani hana uwezo wa kuizuia meli isiondoke; dhamana ya kwanza ni ya wenye usukani na ya wale waliopewa kazi ya kuhesabu watu getini. Lakini sisi tulio hai twasafiri bado, na kila mmoja wetu anaijua ile fikira inayomjia mtu gatini: "Wengine wote wamepanda, nami nipande." Hapo wingi wa watu umegeuka kuwa imamu, na imamu huyo hana masikio ya kusikia "Subhanallah".

Mtume s.a.w. alipiga mfano wa watu waliogawana nafasi katika jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini, wakiona tabu kupanda kila mara kuchota maji, wakanuia kutoboa tundu sehemu yao wenyewe, kwa nia njema ya kutowasumbua wa juu. Wa juu wakiwaacha, wote huangamia. Wakiwashika mikono, wote huokoka. Katika mfano huu hakutajwa nahodha hata kidogo. Wanaotakiwa kushika mkono wa mtoboaji ni abiria.

Labda utauliza: na yule aliye mbele, yeye hana somo? Analo. Mwaka wa 6 wa Hijra, pale Hudaibiya, masahaba walikuwa na huzuni kubwa kwa mapatano yaliyowazuia kuingia Makka. Mtume s.a.w. aliwaamuru wachinje wanyama wao na wanyoe nywele, hakuna aliyeinuka. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama r.a. akamweleza. Huyo bibi akashauri atoke asiseme na mtu neno lolote, achinje mnyama wake mwenyewe na anyolewe. Mtume alilifuata shauri la mkewe, akatenda hivyo. Na masahaba walipomwona, waliinuka wote wakafanya kama alivyofanya. Katika saa moja ile ile alikuwa amefuata na ameongoza.

Sasa narudi kwako wewe uliyeuliza kama utaikabidhi akili yako. Hutaikabidhi, maana utahitajiwa nayo safuni. Lakini kumbuka kwamba hawezi kumkumbusha imamu asiyejua hesabu ya rakaa; akipaza sauti kwa kubahatisha atawachafulia wenzake sala. Kwa hiyo aliyeingia jana na amfuate imamu kwa utulivu, huku akijifunza upesi. Alfajiri ni rakaa mbili za faradhi, Adhuhuri nne, Alasiri nne, Magharibi tatu, Isha nne. Na aanze kuzihesabu leo.