Kuifikisha Dawa Kiungoni: Nanochembe na Tiba ya Baridi Yabisi

Watu wengi huita baridi yabisi kila maumivu ya viungo. Katika makala haya jina hilo lina maana finyu zaidi: ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huushambulia utando laini uliomo ndani ya kiungo. Utando huo huvimba, hunenepa, na hatimaye hula gegedu na mfupa. Kwa kawaida huanza katika viungo vidogo vya vidole na viganja, pande zote mbili za mwili, pamoja na ukakamavu wa asubuhi unaoweza kudumu zaidi ya saa moja. Usipotibiwa mapema, vidole hupinda, na mgonjwa hushindwa hata kufunga kifungo cha nguo.

Tatizo la dawa zilizopo

Dawa ya msingi ya ugonjwa huu ni methotreksati, ambayo hutumiwa mara moja tu kwa wiki. Imewasaidia wagonjwa wengi, lakini ikishaingia katika damu husambaa mwili mzima. Hufika kiungoni, na hufika pia katika ini, uboho na utando wa kinywa, ambavyo havina ugonjwa. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hupata kichefuchefu na vidonda vya kinywani, au hupungukiwa na seli za damu. Prednisoloni nayo hutuliza uvimbe upesi, ila ikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa na kupandisha sukari katika damu. Swali la watafiti basi ni hili: dawa itafikaje kwa wingi kiungoni bila kuzidhuru sehemu nyingine?

Nanochembe ni nini?

Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi; nanochembe nyingi za kubebea dawa zina upana wa nanomita 10 hadi mia chache. Zinazojulikana zaidi ni liposomu, viputo vya mafuta vilivyoundwa kama utando wa seli, ambavyo mwanasayansi Mwingereza Alec Bangham alivieleza katika miaka ya 1960. Nyingine hutengenezwa kwa polima zinazovunjika polepole mwilini. Dawa hufungwa ndani yake na kuachiwa kidogo kidogo.

Nanochembe hufika kiungoni kwa sababu mbili. Kwanza, mishipa ya damu ya kiungo kilichovimba huvuja: nafasi baina ya seli zake hupanuka, na nanochembe hupenya pale ambapo mishipa mizima ingezizuia. Pili, kiungo hicho hujaa makrofaji, yaani seli za kinga zenye kazi ya kumeza vitu vigeni. Seli hizo hizo zinazochochea uvimbe huimeza nanochembe pamoja na dawa iliyomo. Watafiti wengine huongeza folati juu ya nanochembe, kwa kuwa makrofaji zilizochochewa huwa na vipokezi vinavyoishika folati.

Ushahidi na vikwazo

Mwaka 2003, watafiti nchini Uholanzi walichapisha matokeo ya jaribio la panya wenye ugonjwa wa viungo. Dozi moja ya prednisoloni ndani ya liposomu ilituliza uvimbe kwa karibu wiki nzima, ilhali dozi ile ile isiyo na liposomu haikuupunguza.

Hata hivyo, panya si binadamu. Ini na bandama hunasa sehemu kubwa ya nanochembe kabla hazijafika kiungoni. Baridi yabisi hutibiwa kwa miaka mingi, hivyo usalama wa muda mrefu lazima uthibitishwe, na gharama ya utengenezaji bado ni kubwa. Kwa hiyo liposomu hizi bado si tiba ya kawaida ya ugonjwa huu.

Teknolojia yenyewe, lakini, si ndoto. Amfoterisini iliyofungwa katika liposomu hutumika Afrika Mashariki kutibu kala-azar, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi wa kriptokoka kwa watu wanaoishi na VVU, baada ya utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo.

Ya kuzingatia leo

Kwa mhudumu wa afya: taja siku ya wiki ya kumeza methotreksati na uiandike kwenye pakiti, kwani kuimeza kila siku kwa makosa kunaweza kuua. Mpe mgonjwa asidi ya foliki kama mwongozo unavyoelekeza. Pima damu na utendaji wa ini na figo mara kwa mara. Muulize kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kuhusu ujauzito, maana dawa hii humdhuru mtoto tumboni.

Kwa mgonjwa: usiache dawa yako ukiingoja iliyo bora. Ukiuziwa mafuta au vidonge vyenye jina la “nano” kwa ahadi ya kuponya kabisa, visivyotoka kwa daktari wako, jihadhari. Ukipata homa, vidonda vya kinywani au shida ya kupumua, rudi kituoni mara moja. Kiungo kikishaliwa hakirudi kilivyokuwa, hata dawa ya kesho iwe nzuri namna gani. Kinachokilinda sasa ni dawa uliyo nayo, ikitumiwa ipasavyo.